Ramani za kale mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mkusanyiko wa kidijitali wa ramani za kale ni kitu gani hasa?

Ni ramani za karatasi, ngozi au kitambaa zilizopigwa picha au kuskaniwa kwa uangalifu, kisha zikawekwa mtandaoni pamoja na maelezo yake: nani alichora, nani alichapa, wapi, mwaka gani, kwa skeli ipi, karatasi ina ukubwa gani na ramani yenyewe imehifadhiwa wapi. Maelezo hayo ndiyo yanayoutofautisha mkusanyiko na lundo la picha. Picha ya ramani inayosambaa mitandaoni peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani, haimsaidii sana mtafiti. Hajui imekatwa wapi, imetolewa kwenye atlasi gani, wala kama ni chapa ya kwanza au ni nakala ya karne iliyofuata. Majibu mengi hapa chini yatakurudisha kwenye jambo hilo hilo.

Nianze kutafuta wapi?

Kama hujui ramani unayoitaka ipo kwa nani, anza na Old Maps Online. Tovuti hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2012, hukusanya taarifa za ramani kutoka maktaba nyingi. Unaisogeza ramani ya leo hadi eneo lako, unachagua miaka, nayo inakuonyesha zilizopo na kukupeleka kwa mwenye nazo.

Ukishazoea, nenda moja kwa moja kwenye vyanzo. Mkusanyiko wa David Rumsey, ulioanza kuonekana mtandaoni mwaka 1999 na ambao sasa una kituo chake Chuo Kikuu cha Stanford, una picha zaidi ya laki moja, na nguvu yake kubwa ni ramani za karne ya 18 na 19. Maktaba ya Bunge la Marekani ina zaidi ya ramani milioni 5, ingawa zilizo mtandaoni ni sehemu ndogo tu ya hizo. Maktaba ya Taifa ya Scotland ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayeanza: inatoa ramani nyingi mno za Uingereza, na chombo chake cha kuweka ramani ya kale na ya leo kando kwa kando hakihitaji ujuzi wowote. Gallica, hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina Atlasi ya Katalani ya mwaka 1375. Kwa ramani za kijeshi za karne ya 20 za nchi nyingi duniani, tafuta mkusanyiko wa Perry-Castañeda wa Chuo Kikuu cha Texas. Kwa Marekani, idara ya jiolojia ya nchi hiyo, USGS, imeweka wazi ramani zake za topografia, yaani zinazoonyesha sura ya ardhi, kuanzia miaka ya 1880.

Nimeandika jina la mahali ninapopatafuta, sikupata chochote. Ina maana hakuna ramani?

Mara nyingi ramani ipo. Tatizo ni kwamba kisanduku cha utafutaji husoma katalogi, hakisomi ramani. Mkutubi aliandika kichwa cha karatasi, jina la mchoraji na nchi. Vijiji mia mbili vilivyomo ndani hakuvinakili. Kwa hiyo tafuta kwa jina la wilaya, mkoa, mto mkubwa au nchi, kisha uingie ndani kwa macho yako.

Jambo la pili ni tahajia. Wapimaji waliandika majina kama masikio yao yalivyoyasikia, na kila mmoja aliyasikia kwa lugha yake. Jaribu herufi mbadala, jaribu jina la utawala wa wakati huo, jaribu jina la kituo cha reli au misheni iliyokuwa karibu.

Tatu, ramani za topografia huja kwa mfululizo wa karatasi nyingi, na kila karatasi ina namba. Tafuta kwanza karatasi ya faharasa, ile yenye vijisanduku vyenye namba juu ya nchi nzima. Ukiipata hiyo, umeokoa saa nyingi za kubahatisha.

Kuna habari njema pia. Kompyuta sasa zinafundishwa kusoma maandishi yaliyomo ndani ya ramani zenyewe, hata yale yaliyopinda kufuata mto au kutandazwa kwa herufi zilizoachana. Mkusanyiko wa Rumsey tayari unakuruhusu kutafuta kwa njia hiyo katika maelfu ya ramani zake. Mashine hukosea mara nyingi, lakini huwa inaona jina dogo pembeni ambalo katalogi isingelitaja kamwe.

Ramani imeandikwa 1890. Je, inanionyesha hali ilivyokuwa 1890?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ramani moja inaweza kuwa na tarehe nne: mwaka wa kupima ardhi, mwaka wa masahihisho, mwaka wa kutolewa na mwaka wa kuchapwa. Kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miongo kadhaa. Ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji la Uingereza, huziandika tarehe hizi kwenye pambizo, na ndiyo maana picha iliyokatwa pambizo imepoteza nusu ya ushahidi wake. Isome pambizo kabla ya ramani.

Kwa ramani za zamani zaidi hali ni ngumu kuliko hapo. Kuchonga sahani ya shaba ya kuchapia ramani lilikuwa jambo la gharama, kwa hiyo sahani iliuzwa, ikarithiwa, ikachapwa tena na tena. Sahani za John Speed, ambaye atlasi yake ya Uingereza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1610, ziliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka mia moja. Speed mwenyewe alitegemea sana kazi ya Christopher Saxton, aliyepima kaunti za Uingereza na Wales katika miaka ya 1570. Mtu anayeshika nakala ya Speed iliyochapwa mwaka 1676 na kudai kwamba inamwonyesha kijiji cha mwaka 1676, anatazama kwa sehemu kubwa kijiji cha karne iliyotangulia.

Mfano mwingine ni ramani za Sanborn, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1867 kwa ajili ya kampuni za bima ya moto Marekani. Zinaonyesha kila jengo, limejengwa kwa matofali au mbao, lina ghorofa ngapi. Mji ulipobadilika, kampuni haikuchapa karatasi mpya kila mara. Ilituma vipande vidogo vya karatasi vibandikwe juu ya majengo ya zamani. Karatasi yenye mwaka mmoja kwenye kichwa inaweza kuwa na viraka vya miaka thelathini iliyofuata. Ukiikuza picha, mara nyingi utaona kingo za viraka hivyo. Vitafute.

Kama ramani haina tarehe kabisa, iulize maswali. Reli imefika wapi? Mpaka umepita wapi? Mji mkuu unaitwaje? Ramani inayoandika Petrograd, jina la wakati huo la mji wa St. Petersburg wa Urusi, ilitengenezwa kati ya mwaka 1914 na 1924, au na mtu aliyenakili ramani ya miaka hiyo. Anwani ya mchapaji nayo husaidia, kwa kuwa wachapaji walihama maduka. Ukimaliza, andika makadirio yako kama makadirio.

Mbona baadhi ya ramani zina milima na visiwa ambavyo havikuwahi kuwepo?

Kwa sababu mchoraji alikaa mezani, akapokea habari kutoka kwa wasafiri, na kuziamini. Mwaka 1798 James Rennell alichora safu ndefu ya milima, Milima ya Kong, ikikatiza Afrika Magharibi. Wachoraji wengine waliinakili kwa karibu karne nzima, kila mmoja akimtegemea mwenzake, mpaka Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 na kukuta hakuna safu kama hiyo. Vivyo hivyo California ilichorwa kama kisiwa katika ramani nyingi za karne ya 17, na mwaka 1747 mfalme wa Hispania alilazimika kutoa tamko kwamba si kisiwa.

Usiyatupe makosa haya. Yanakuonyesha nani alimnakili nani. Ukiona kosa lile lile, katika pembe ile ile, kwenye ramani mbili, umegundua ukoo wake.

Ramani imegeuka juu chini. Wameiskani vibaya?

Pengine hawajakosea. Kaskazini kuwa juu ni mazoea tu. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemkamilishia Mfalme Roger II wa Sicily kazi yake mwaka 1154, aliweka kusini juu, na wachoraji wengi Wakristo wa Ulaya ya zama za kati waliweka mashariki juu. Angalia maandishi yameelekea wapi.

Kwa nini picha yangu inakuwa na ukungu nikiikuza, wakati kwenye tovuti inaonekana safi?

Kwa sababu ulichohifadhi ni picha ya skrini au nakala ndogo ya kuonjesha. Chukua karatasi ya sentimita 60 kwa 80, iskaniwe kwa pikseli 400 kwa inchi. Utapata picha yenye pikseli milioni 119 hivi, na bila kubanwa itachukua takriban megabaiti 357. Kivinjari hakiwezi kubeba mzigo huo kwa mkupuo, kwa hiyo tovuti huikata picha katika vigae vidogo na kukuletea vile tu unavyovitazama. Unapokuza, vinaletwa vigae vingine vyenye undani zaidi.

Tafuta kitufe cha kupakua kisha uchague ukubwa wa juu kabisa. Faili la JPEG linatosha kwa kusoma na kuweka kwenye makala. TIFF ni zito, lakini halipotezi chochote, kwa hiyo lichukue kama utapima vitu au utachapa. Maktaba nyingi sasa hutumia mfumo wa pamoja uitwao IIIF, unaowezesha picha ya maktaba moja kufunguliwa ndani ya programu nyingine, hata kando ya picha ya maktaba ya pili, bila kupakua kitu. Ukiona nembo yake, nakili kiungo. Utakihitaji kwenye swali la kulaza ramani.

Imeandikwa 1:63,360. Naweza kupima umbali kwenye skrini?

Kwa rula juu ya skrini, hapana. Uwiano huo, ambao ni inchi moja kwa maili moja, ni wa karatasi ya asili tu. Ukikuza au kupunguza picha, au ukiichapa kwa ukubwa mwingine, namba hiyo haina kazi tena. Mstari wa skeli uliochorwa kwenye pambizo hukua na kupungua pamoja na ramani, kwa hiyo tumia huo. Karatasi nayo husinyaa na kutanuka kwa unyevu, hivyo kipimo chako kitabaki cha kukadiria.

Nitailazaje ramani ya kale juu ya ramani ya leo?

Kazi hii huitwa jioreferensi: kuiambia kompyuta kwamba nukta hii kwenye picha ndiyo mahali pale duniani. Unachagua kitu kilichopo kwenye ramani zote mbili, unaweka alama kwenye zote, unarudia mpaka alama zitoshe, kisha programu inaivuta picha ikae mahali pake. Programu ya QGIS ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri. Allmaps hufanya hivyo ndani ya kivinjari kwa ramani za IIIF, bila kupakua faili, na kwa anayejaribu mara ya kwanza ni rahisi zaidi.

Ubora wa kazi unategemea alama ulizochagua. Njia panda za zamani, madaraja ya mawe, makanisa, misikiti na ngome ni alama nzuri kwa sababu hazihami. Kingo za mito, fukwe na misitu ziepuke. Mto huhama, na pwani huliwa au hujazwa. Sambaza alama karatasi nzima, hasa pembeni. Alama kumi zilizosongamana katikati ya mji zitauweka mji sawasawa na kuzipotosha pembe zote nne.

Halafu kuna suala la kuchagua namna ya kuivuta picha. Kwa ramani iliyopimwa kitaalamu, tumia badiliko rahisi linalohitaji alama tatu tu, ingawa ni vyema uweke nyingi zaidi ili uone zisizokubaliana. Kwa ramani iliyochorwa kabla ya upimaji wa kisasa, watu hukimbilia mbinu ya kuinyumbulisha picha kama mpira hadi kila alama iguse mahali pake. Matokeo hupendeza machoni, na programu huripoti kosa sifuri au karibu nalo, lakini sifuri hiyo haikuambii chochote kuhusu usahihi wa ramani, kwa kuwa umeilazimisha. Mimi huanza na badiliko rahisi, naangalia alama zipi zimekaa mbali, na kujiuliza kwa nini. Mara nyingi jibu lenyewe ndilo historia niliyokuwa naitafuta: barabara ilihamishwa, au mpimaji hakufika upande ule, akajaza kwa kusikia.

Ramani ina mistari ya longitudo, lakini mahali panatokea mbali na panapostahili. Kwa nini?

Angalia longitudo inahesabiwa kutoka wapi. Greenwich ilikubaliwa kuwa mstari wa sifuri kwenye mkutano wa Washington wa mwaka 1884, na hata baada ya hapo nchi kadhaa ziliendelea na mistari yao. Ramani za Kifaransa zilihesabu kutoka Paris, ambayo iko takriban nyuzi 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Tofauti hiyo kwenye ikweta ni karibu kilomita 260. Nyingine zilihesabu kutoka Ferro katika Visiwa vya Canary, iliyowekwa kwa makubaliano nyuzi 20 magharibi ya Paris. Mstari uliotumika kwa kawaida huandikwa kwenye fremu kwa herufi ndogo sana.

Naweza kutumia ramani ya kale kuthibitisha mpaka wa ardhi yetu?

Inaweza kusaidia, lakini usiitegemee peke yake. Ramani ya topografia huonyesha ua, njia na mto kama mpimaji alivyoviona. Haikusudii kusema nani anamiliki upande upi. Kwa umiliki unahitaji ramani za upimaji wa viwanja na hati zake, na kama jambo liko mahakamani, nakala iliyothibitishwa na taasisi inayohifadhi ramani yenyewe.

Hata mataifa hukutana na swali hili. Katika kesi ya Burkina Faso na Mali ya mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kuwa ramani ni taarifa tu, zenye usahihi unaotofautiana, na kwamba haziwezi kuwa hati ya umiliki wa eneo kwa sababu tu zipo. Lakini katika kesi ya hekalu la Preah Vihear ya mwaka 1962, ramani iliyochorwa na Wafaransa mwaka 1907 iliipa Kambodia ushindi dhidi ya Thailand, ingawa mkataba wa 1904 ulisema mpaka ufuate mgawanyo wa maji, yaani mstari wa vilele unaotenganisha mito ya upande mmoja na ya upande wa pili. Mahakama iliona kuwa Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, ilipokea ramani ile na kukaa kimya miaka mingi, na kimya hicho kilihesabiwa kuwa kukubali. Mwenendo wa watu kuhusu ramani uliamua kesi kuliko michoro yake.

Ramani ya miaka mia mbili bado ina hakimiliki?

Ramani yenyewe, hapana. Ugumu unaanza na zile za karne ya 20, na sheria hutofautiana kwa nchi. Marekani, kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru, na kazi za serikali ya shirikisho kama ramani za USGS hazina hakimiliki nchini humo. Uingereza, ramani zilizochapishwa na serikali hulindwa kwa miaka 50.

Swali jingine ni picha ya ramani hiyo. Mahakama moja ya New York iliamua mwaka 1999 kwamba picha aminifu ya kazi iliyo huru haizai haki mpya, na Umoja wa Ulaya uliweka kanuni inayofanana katika agizo lake la mwaka 2019. Hata hivyo tovuti huweka masharti yake. Rumsey, kwa mfano, huruhusu matumizi yasiyo ya biashara kwa leseni ya Creative Commons. Soma masharti ya kila ramani, na taja chanzo hata pale usipolazimishwa.

Kwa nini maktaba haziondoi majina ya dharau yaliyomo kwenye ramani za kikoloni?

Kwa sababu kuyafuta kwenye picha ni kuharibu ushahidi wa jinsi watu walivyotazamwa. Kinachopaswa kubadilika ni katalogi: majina ambayo wenyeji wanayatumia yaongezwe, na onyo liwekwe panapostahili. Naona pia kuwa sehemu tupu zinastahili jicho kali kuliko maneno. Karatasi nyeupe inayoachwa katikati ya bara haikumaanisha kwamba hakuna aliyeishi pale; ilimaanisha kwamba mchoraji hakuuliza, au aliona majibu ya wenyeji hayana uzito. Ramani ikikuonyesha utupu, tafuta ni nani alikuwa na sababu ya kutaka uonekane hivyo.

Nihifadhi vipi nilichopata ili nisikipoteze?

Hifadhi picha na maelezo yake pamoja, siku hiyo hiyo. Andika kichwa kamili, mchoraji, mwaka, taasisi, namba ya rejea ya taasisi hiyo na kiungo cha kudumu, ambacho mara nyingi hakifanani na anwani inayoonekana juu ya kivinjari. Namba ya rejea ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa tovuti hubadilika na namba hubaki. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zilikosekana kwa miezi. Aliyekuwa na kiungo peke yake alibaki mikono mitupu.

Nina ramani ya zamani nyumbani. Niifanyie nini?

Usiipitishe kwenye skana inayovuta karatasi, usiibandike gundi ya utepe iliporaruka, na usiifunike kwa plastiki ya kuyeyushwa kwa joto, kwa maana hiyo haiondoki tena. Ilaze mahali tambarare, iangaze kutoka pande mbili bila jua la moja kwa moja, na kamera iwe juu yake wima kabisa. Piga karatasi nzima pamoja na pambizo, weka rula kando ili ukubwa ujulikane, kisha piga na nyuma. Huko nyuma ndiko watu waliandika majina, bei, mihuri na njia walizopita.

Ukitaka kuitoa kwa maktaba au hifadhi ya nyaraka, waandikie kwanza na uwatumie picha. Waeleze ilikotoka na imepita mikononi mwa nani, hata kama simulizi yenyewe ina mapengo.